Maswali ya wasomaji: Mtaa umejaa magari, barua tuipeleke kwa nani?

Safu ya leo tumeiachia maegesho ya mitaani. Barua tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyaondoa kwa sababu wengi wao wanalalamikia majirani wanaokutana nao kila asubuhi dukani.

Swali: Barabara ya mtaa wetu ni ya lami, nyembamba, ina nyumba kama arobaini. Tangu nyumba moja igeuzwe kuwa baa na ukumbi, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili magari yanaegeshwa pande zote mbili, mengine yanaziba mageti kabisa. Ofisi ya mtaa ilituambia twende manispaa. Manispaa wakasema barabara si yao. Trafiki akaja mara moja, akaondoka. Tumechoka kuzungushwa. Tuanzie wapi?
*Wakazi, Dar es Salaam*

Jibu: Aliyewaambia kuwa barabara si ya manispaa hakuwadanganya, ila alikatisha maelezo njiani. Tangu Julai 2017 barabara za mitaa zinasimamiwa na TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ulio chini ya TAMISEMI, ofisi ya Rais inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Kwa hiyo lami yenyewe, mtaro wake, alama na vibao ni vya TARURA. Lakini leseni ya biashara ya hiyo baa, leseni yake ya vileo na matumizi ya kiwanja chake ni mambo ya halmashauri. Dereva aliyeziba geti usiku wa leo ni kazi ya polisi wa usalama barabarani. Tatizo lenu ni moja, wenye nalo ni watatu, na kila mmoja akipewa lote atalisukuma kwa mwenzake. Dawa ni barua moja yenye maombi matatu, kila ombi likitaja anayepaswa kulitekeleza, na wote watatu wakiona kwenye nakala kwamba wenzao wameandikiwa.

Kabla ya barua, hesabuni. Barua nyingi za maegesho hufia hapa, kwa sababu zinasema "magari ni mengi mno, tunateseka", na afisa hana la kufanya na sentensi hiyo. Chukueni daftari na futi ya kupimia. Pimeni upana wa lami sehemu tatu: mwanzo wa mtaa, katikati, na mahali penye msongamano zaidi. Kisha hesabuni magari yaliyoegeshwa saa 10 alfajiri, saa 6 mchana na saa 3 usiku, kwa siku mbili za kawaida na Jumamosi moja. Ile ya saa 10 alfajiri ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo watu huiruka kwa usingizi. Saa hiyo baa imefungwa, wateja wamekwenda, na kilichobaki barabarani ni magari ya wakazi wenyewe. Ikiwa alfajiri mtaa bado umejaa, tatizo si baa peke yake. Kuna wenye nyumba waliojenga vyumba vya kupangisha hadi ukutani na kuwaachia wapangaji barabara. Ni bora mlijue hilo ninyi kwanza kuliko kuelezwa na mhandisi mbele ya mkutano.

Vipimo hivyo vina nguvu kuliko malalamiko. Tuseme lami ina mita 6. Gari dogo lililoegeshwa, pamoja na vioo vyake na nafasi kidogo ya pembeni, linakula mita 2. Magari yakikaa pande zote mbili inabaki mita 2. Gari la zimamoto lina upana wa kama mita 2.5 bila vioo, kwa hiyo halipiti, hata dereva awe hodari vipi. Magari yakikaa upande mmoja tu zinabaki mita 4, na linapita. Hesabu hiyo ya mistari minne iwekeni kwenye barua yenu. Ndiyo pia sababu hatuwashauri kuomba maegesho yapigwe marufuku mtaa mzima. Ombi hilo halitekelezeki, na wa kwanza kulivunja atakuwa mgeni wenu wa harusi. Ombeni upande mmoja uzuiwe, ule wenye mageti mengi, pamoja na mita 10 kutoka kila kona ili anayetoka aone anayekuja.

Sasa njia ya kupita. Mwombeni mwenyekiti wa mtaa aliweke suala hili kwenye ajenda ya mkutano wa wakazi, na mwende wengi. Azimio liandikwe kwenye muhtasari, usainiwe na mwenyekiti na Mtendaji wa Mtaa na kupigwa muhuri. Muhtasari huo unakwenda kwa Mtendaji wa Kata, ambaye ni katibu wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti wa kamati hiyo ni diwani wenu, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Msiidharau hatua hii. Diwani ndiye anayeingia kwenye kamati ya halmashauri inayoshughulikia mipango miji na mazingira, na baraza la madiwani hukutana kila robo mwaka. Mkikosa robo hii mnasubiri nyingine, kwa hiyo muulizeni tarehe mapema.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Mfano:

*Mkurugenzi wa Manispaa,*
*Kupitia kwa: Mtendaji wa Kata.*

*YAH: MAOMBI YA KUDHIBITI MAEGESHO KATIKA BARABARA YA (jina), MTAA WA (jina)*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Wakazi wa mtaa huu, katika mkutano wa tarehe (…) uliohudhuriwa na watu (…), tuliazimia kuomba yafuatayo.*

*Mosi, TARURA izuie maegesho upande wa (kaskazini au kusini) wa barabara kwa mita (…), kuanzia kona ya (…) hadi (…), kwa vibao na alama.*

*Pili, Halmashauri ikague biashara iliyopo kiwanja namba (…) kama ina maegesho ya wateja ndani ya kiwanja, na kama matumizi ya kiwanja hicho yanaruhusu biashara hiyo.*

*Tatu, Kikosi cha Usalama Barabarani kifanye doria Ijumaa na Jumamosi kati ya saa 2 na saa 6 usiku kwa wiki nne.*

*Tunaambatisha muhtasari wa mkutano, jedwali la hesabu ya magari, vipimo vya barabara na picha sita.*

*Nakala: Meneja wa TARURA Wilaya, Mkuu wa Usalama Barabarani Wilaya, Diwani wa Kata.*

Ipelekeni masijala mkononi, nakala mbili. Moja inabaki, nyingine inapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe mnarudi nayo. Bila muhuri huo, baada ya mwezi mtaambiwa barua haikufika, na hamtakuwa na la kujibu. Ulizeni namba ya jalada. Ukirudi na namba, karani anavuta faili. Ukirudi na malalamiko tu, anakwambia afisa yuko nje ya ofisi.

Picha zipigwe kutoka mahali palepale kila mara, zionyeshe geti na gari kwa pamoja, na tarehe iandikwe. Namba za magari wekeni kwenye kiambatisho cha polisi tu. Kuzisambaza kwenye kundi la WhatsApp la mtaa ni kutafuta ugomvi, na Tanzania tangu 2022 ina sheria ya kulinda taarifa binafsi.

Kuhusu baa yenyewe, ombi la pili ndilo lenye meno. Mwenye baa hamwogopi trafiki anayepita mara moja kwa mwezi. Anaogopa leseni isiyohuishwa. Malalamiko yenu yakiwa ndani ya jalada lake kabla ya muda wa kuhuisha, afisa biashara analazimika kuyajibu. Na mkiona tangazo la kubadilisha matumizi ya ardhi limebandikwa kwenye kiwanja kingine mtaani, lisomeni siku hiyohiyo na mpeleke pingamizi la maandishi ndani ya muda uliotajwa. Wakati huo mnapinga mchoro kwenye karatasi. Mkichelewa mtakuwa mnapingana na jengo lenye wafanyakazi ishirini na mkopo wa benki.

Swali: Kijana mmoja mwenye kitabu cha risiti anatutoza kila mwezi kwa kuegesha mbele ya nyumba zetu. Anasema ametumwa na uongozi wa mtaa na kwamba ni sheria ndogo ya mtaa. Asiyelipa anafungwa tairi kwa mnyororo. Ni halali?
*Mpangaji, Dar es Salaam*

Jibu: Mtaa wa mjini hautungi sheria ndogo. Kijiji kinaweza kupitia halmashauri ya kijiji, lakini mjini sheria ndogo hutungwa na halmashauri, huidhinishwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza kijana, kwa upole, ni namba ya tangazo hilo. La pili ni risiti. Ada ya umma hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, ile ambayo watu huiita kontroo namba, au hutolewa risiti ya mashine. Kitabu cha kununua dukani chenye muhuri wa mpira si risiti ya serikali.

Lakini usichanganye mambo mawili. Wakazi wanaweza kukubaliana mkutanoni kuchangia mlinzi wa usiku, na mlinzi huyo akaangalia magari pia. Huo ni mchango wa ulinzi. Unapaswa kusomwa mapato na matumizi, na asiyechangia hafungwi tairi. Kinachokatazwa ni kuuza kipande cha barabara ya umma kana kwamba ni uwanja wa mtu.

Cha kufanya: lipa kwa sasa kama gari limeshafungwa na unahitaji kwenda kazini, chukua hiyo risiti, piga picha mnyororo na namba ya gari kwa pamoja. Kisha mwandikie Mkurugenzi kuuliza mambo matatu tu: kama kuna sheria ndogo inayoruhusu tozo hiyo, nani ni wakala aliyepewa kazi, na mkataba wake unaanza na kuisha lini. Taja kwamba unaomba kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayotoa siku 30 za kujibu. Barua ya kuuliza hupata jibu haraka kuliko barua ya kutuhumu, kwa kuwa ya kutuhumu hupelekwa kwanza kwa anayetuhumiwa.

Swali: Pembeni ya shule ya msingi kuna gereji bubu. Magari mabovu manne yako juu ya mawe, moja lina zaidi ya mwaka. Usiku yanaongezeka malori mawili ya mizigo, dereva wake mmoja anaishi mtaani. Lami imeanza kubonyea na mfuniko wa mtaro umevunjika. Mafundi ni vijana wetu, hatutaki wafukuzwe, tunataka barabara.
*Mzazi, Morogoro*

Jibu: Sentensi yako ya mwisho iandike kwenye barua kama ilivyo. Itakuondolea upinzani nusu kabla mkutano haujaanza.

Tenganisha magari mabovu, mafundi na malori, maana kila kimoja kina njia yake. Kwa magari mabovu, andika namba ya usajili ya kila moja. Lisilo na namba, tafuta namba ya chasisi. Kwa magari mengi ipo kwenye kibati chini ya boneti au kwenye fremu ya mlango wa dereva. Polisi wanaweza kumtambua mwenye gari kupitia usajili wa TRA, Mamlaka ya Mapato. Mwenyewe apewe notisi ya maandishi yenye tarehe ya mwisho, ibandikwe kwenye gari, nakala ibaki ofisi ya mtaa. Tuliona mara nyingi watu wakiruka notisi na kulikokota gari wenyewe. Siku ya pili mwenyewe anatokea akidai injini, redio na matairi manne mapya, na mtaa hauna karatasi ya kujitetea.

Kwa mafundi, ombi liwe la eneo mbadala, si la kufukuzwa, na lipitie kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata pamoja na afisa biashara. Wakati wanasubiri, mambo mawili yasingoje mkutano wowote: gari lisitengenezwe upande wa geti la shule, na oili chafu isimwagwe chini. Dizeli na oili huyeyusha lami, kwa sababu lami nayo ni zao la mafuta ya petroli. Palipomwagika panalainika, kokoto zinang'oka, mvua inaingia, na shimo linaanza hapo. Ndoo yenye mfuniko na sinia la bati lenye mchanga chini ya injini vinatosha.

Malori ndiyo yanayobonyeza. Wahandisi wa barabara hukadiria kwamba uharibifu hupanda kwa nguvu ya nne ya uzito wa ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu: uzito ukizidi mara 2, uharibifu unazidi mara 16; ukizidi mara 10, uharibifu ni mara 10,000. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ekseli moja yenye matairi manne inaruhusiwa tani 10. Ekseli ya gari dogo haifiki hata tani moja kwa kawaida. Lami ya mtaani haikujengwa kwa mzigo huo, na lori likisimama palepale wakati jua limeilainisha lami, tairi linaacha bonde. Mfuniko wa mtaro nao haukusukwa kubeba tani.

Ombeni TARURA wakague na kuweka kibao cha kuzuia magari makubwa mwanzoni mwa mtaa, na kwenye barua mtaje urefu wa lami iliyobonyea na idadi ya mifuniko iliyovunjika. Hapo mnaomba kulinda mali ya wakala, na lugha hiyo wanaielewa. Dereva anayeishi mtaani aitwe kwanza kuzungumza. Mara nyingi tatizo lake ni hofu ya kuibiwa mafuta na betri, na akionyeshwa yadi yenye mlinzi anahamia huko bila kesi.

Swali: Sisi tuko pwani ya Kenya. Mfumo wenu wa Tanzania haupo huku. Mwakilishi wadi ametuahidi tangu mwaka jana kwamba ataleta maegesho ya wakazi pekee kwenye mtaa wetu ulio karibu na soko. Kuna njia ya kulipeleka jambo hili bila kumngoja?
*Msomaji, Kenya*

Jibu: Ipo. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, inazipa kaunti kazi ya barabara za kaunti, usafiri na maegesho. Na kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa kila mtu haki ya kuliandikia bunge la kaunti ombi rasmi kuhusu jambo lolote lililo ndani ya mamlaka yake, likiwamo la kutunga au kubadilisha sheria. Mwakilishi wadi anaweza kuwasaidia kuliwasilisha, lakini si lazima mngoje ahadi yake.

Hakikisheni kwanza barabara ni ya kaunti. Kadhaa za mijini ziko chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini, iliyoundwa kwa Sheria ya Barabara ya 2007, na zile kuu ni za KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Mkikosea hapo, ombi litarudishwa hata kama limesainiwa na watu mia tano.

Ombi lielekezwe kwa karani wa bunge la kaunti. Lisiwe na matusi. Lieleze tatizo kwa aya fupi zenye namba, liseme ni hatua gani mmekwisha kuchukua na ofisi husika na zilijibu nini, liseme kama jambo liko mahakamani au haliko, na limalizie na mnachoomba bunge lifanye. Kila anayetia sahihi aandike jina kamili, anwani na namba ya kitambulisho. Asiyejua kuandika aweke alama ya dole gumba. Kosa la kawaida ni kukusanya sahihi kwenye karatasi tupu na kuibandika nyuma ya ombi baadaye. Kila ukurasa wa sahihi uwe na kichwa cha ombi juu yake.

Kabla ya hapo ombeni kumbukumbu za ofisi ya uchukuzi ya kaunti kuhusu mtaa wenu kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayotoa siku 21. Na fikirini vizuri hilo la "wakazi pekee". Kibali cha mkazi kinahitaji ada, stika, na mtu wa kukagua kila siku ya soko. Kaunti isipoweka askari, stika zitaigizwa ndani ya mwezi. Karibu na soko tungependelea kwanza kikomo cha saa mbili mchana na mtaa kubaki huru usiku. Wenye vibanda hawataweza kuacha gari kutwa nzima, na mkazi akirudi jioni anakuta nafasi.

Swali: Tumeweka mawe na mapipa ya mchanga mbele ya mageti yetu. Jirani anasema tunavunja sheria. Si tunalinda nyumba zetu?
*Mama wa watoto watatu, Tanga*

Jibu: Mama, jirani yako yuko sahihi. Kitu chochote kinachowekwa barabarani bila kibali cha mwenye barabara ni kizuizi, na pikipiki ikilivaa pipa lako usiku, wa kujibu ni wewe. Rangi ya "usiegeshe hapa" kwenye geti lako unaweza kuiandika. Inakumbusha, haimlazimishi mtu.

Mkitaka kizuizi cha kudumu ombeni nguzo fupi za zege kutoka kwa TARURA, ziwekwe nje ya lami kwenye ukingo wa waenda kwa miguu. Nafasi kati ya nguzo na nguzo iwe mita 1.2 hadi 1.5: gari halipiti, kiti cha magurudumu na mkokoteni wa maji vinapita. Nguzo izame chini angalau sentimita 50, la sivyo itang'olewa wiki ya kwanza. Mbele ya geti lenyewe zisiwekwe kabisa. Siku nyumba ikiwaka moto ukapiga 114, gari litataka kuingia hapo hapo.

Mapipa yaondoeni leo, kabla barua yenu haijafika ofisini. Mkaguzi akija na kuyakuta, ataanza na ninyi.